Magurudumu Manne, Mfuko Mmoja
Mimi na mke wangu tumekuwa tukibishana: je, tuongeze fedha tununue gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne? Masika iliyopita tulikwama usiku kucha katika matope ya Kinangop, mama akiwa mgonjwa garini.

Hata hivyo, sifa za gari hilo huwahadaa wengi. Magurudumu manne yakivuta pamoja hulikwamua gari na kulipandisha mlima. Hayalisaidii kusimama upesi. Breki za kila gari hushika magurudumu manne, na matairi yaliyoisha huteleza vilevile. Isitoshe, mafuta hutumika zaidi. Kwa asiyetoka kwenye lami ya Nairobi, hiyo ni anasa. Kwetu sisi ni haja. Tutalinunua, lakini matairi mema kwanza.