Mguu Umevunjika Uwanjani Salamabila: Kweli au Uongo?

Mchezaji akianguka na mguu ukapinda mahali pasipo na goti, uwanja mzima hugeuka hospitali. Mmoja anataka mguu uvutwe palepale, mwingine anaita maji ya moto, wa tatu ameshataja jina la jirani anayedhaniwa kuhusika. Kijana hajanyanyuliwa bado, na tayari amepangiwa tarehe ya kurudi kucheza. Hapa Salamabila, katika Kabambare ya kusini mwa Maniema, mashauri ya namna hiyo yana uzito kuliko mjini. Uwanja uko jirani. Daktari wa kupasua mifupa yuko mbali. Kwenda Kasongo ni safari ya pikipiki inayotegemea mvua, na inayotegemea pia nani ameshika silaha njiani wiki hiyo. Kindu na Bukavu ni mbali zaidi. Kwa hiyo maneno ya pembeni mwa uwanja ndiyo matibabu ya kwanza, na kwa wengine ndiyo ya mwisho.

Tumchukue kijana wa chuo aliyerudi nyumbani likizo, akaingia mechi ya mtaa, na mfupa wa muundi ukakatika. Wenzake wanauliza atacheza lini. Mama yake anauliza kama atatembea. Katikati ya maswali hayo mawili ndipo maneno yafuatayo yanaposikika.

"Yaya, angalia, anachezesha vidole! Mfupa ni mzima."

Uongo. Vidole huendeshwa na misuli na neva, na vinaweza kucheza vizuri huku mfupa umekatika vipande viwili. Hata hivyo, anayeangalia vidole anaangalia mahali panapofaa, ila anatafuta kitu kingine. Vidole vinaeleza kama damu inafika. Viguse: vina joto? Anahisi ukivibonyeza? Rangi imebadilika? Rudia baada ya nusu saa, kisha tena, usiku kucha.

Sababu ni hii. Misuli iliyo chini ya goti imefungwa ndani ya ngozi ngumu za ndani zisizotanuka. Mfupa ukivunjika, misuli huvimba, nafasi inakwisha, na shinikizo linabana mishipa midogo ya damu mpaka inaziba. Baada ya saa 6 hivi misuli huanza kufa, na iliyokufa hairudi. Dalili kubwa ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, yasiyosikia dawa, na yanayomfanya mgonjwa apige kelele ukinyoosha kidole gumba chake taratibu. Hapo legeza kila kamba na kila kitambaa, kisha tafuta mtu wa kupasua ngozi hizo za ndani, hata kama ni usiku. Kijana aliyevunjika mfupa tu anaweza kupona vizuri. Yule ambaye misuli yake imekufa kwa sababu ya kamba iliyokazwa atabaki na unyayo uliolegea maisha yake yote.

"Mvute palepale kabla hajapoa."

Uongo, isipokuwa mguu chini ya jeraha umekuwa baridi na mweupe, na yupo aliyefundishwa kuunyoosha polepole. Vinginevyo ufunge ulivyo. Vipande viwili vya mianzi au mbao, nguo laini katikati, na vifungwe kupita goti juu na kifundo cha mguu chini, maana mfupa hautulii kama viungo vyake viwili vinacheza. Kukanda kwa maji ya moto siku ya kwanza huongeza uvimbe, na tumeshaona uvimbe hufanya nini.

"Mganga wa mifupa anaunga vizuri kuliko hospitali."

Nusu kweli, na hiyo nusu isidharauliwe. Katika eneo la machimbo ya dhahabu kama Namoya, ambako mashimo huporomoka na pikipiki huteleza, anayeunga mifupa kijijini ameshika miguu mingi kuliko mwanafunzi yeyote wa udaktari. Yuko karibu, anakubali kulipwa kidogo kidogo, anazungumza na mgonjwa na ukoo wake, na hamwachi mtu peke yake kwenye benchi la korido. Tena ana msaidizi mkubwa: mfupa hujiunga wenyewe. Damu huganda penye ufa, baada ya wiki 2 au 3 panajengeka kitu laini, halafu kigumu, halafu mwili unakichonga kwa miezi mingi. Ufa uliofungwa, ambao ngozi yake haikuchanika na vipande vyake havikuhama, utapona ndani ya mianzi kama utakavyopona ndani ya plasta ngumu, mradi umetulizwa na haukubanwa.

Nusu ya pili ndiyo yenye hatari. Mganga haoni ndani. Vipande vikiwa vimepandana, ataunga mguu mfupi au uliopinda, na kwa mtu anayetaka kukimbia na mpira hilo ni hukumu. Akikaza sana kwa kuogopa mfupa usihame, anaziba damu. Madaktari wa Nigeria wameandika kwa miaka mingi juu ya miguu iliyokatwa kwa sababu hiyo hiyo.

Halafu kuna habari ya kuku. Sehemu kadhaa za Afrika Magharibi mganga humvunja kuku mguu siku anayompokea mgonjwa, kisha anawatibu wote wawili pamoja. Siku kuku anapotembea, mgonjwa naye anaambiwa asimame. Ni utaratibu wenye akili kuliko unavyoonekana, kwa sababu unampa mgonjwa subira na kalenda. Kasoro ni kwamba mfupa wa kuku huungana kwa wiki kama 3, na muundi wa mtu mzima huhitaji miezi 4 hadi 6, au zaidi ukiwa umevunjika vibaya. Kuku anapomaliza, mwanadamu hajafika hata robo.

Ushauri wangu kwa familia ni kwamba mganga anaweza kubaki kama mshauri na mfariji, lakini picha ya eksirei ipigwe kwanza.

"Mfupa ukitokeza nje, mguu ni wa kukatwa."

Uongo, ila hapa saa zina thamani kuliko fedha. Ngozi ikichanika, vijidudu vya uwanjani vimeingia mpaka kwenye uboho. Usiurudishe mfupa ndani kwa mkono. Usitie majivu, majani wala udongo. Funika kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi, funga mbao, na umfikishe kituo cha afya kilicho karibu hata kama hakina daktari wa upasuaji, kwa sababu mwuguzi anaweza kumchoma dawa ya kuua vijidudu na sindano ya pepopunda kabla ya safari. Madaktari wa Uingereza wanalenga dawa hiyo iingie ndani ya saa 1 tangu ajali. Kwetu saa 1 ni ndoto, lakini saa 3 ni bora kuliko kesho asubuhi.

Watu wawili wanaonyesha jinsi jeraha moja linavyoweza kuwa na miisho miwili. Tarehe 8 Aprili 1996, David Busst wa Coventry City alivunjika mifupa yote miwili ya mguu katika uwanja wa Manchester United, na mchezo ukasimama ili damu isafishwe kwenye nyasi. Vijidudu viliingia, akapasuliwa tena na tena, na kabla ya mwaka kwisha akatangaza kwamba mpira kwake umekwisha. Alikuwa na miaka 29. Tarehe 18 Novemba 2018, Alex Smith, mchezaji wa ule mpira wa Kimarekani unaobebwa mikononi, alivunjika mifupa ile ile, mguu ukaoza kwa vijidudu, na madaktari wakafikiria kuukata. Alipasuliwa mara 17. Alirudi uwanjani tarehe 11 Oktoba 2020, siku 693 baadaye, baada ya kufanya mazoezi katika kituo cha Texas kinachohudumia majeruhi wa vita. Anayesema Smith alikuwa na moyo kuliko Busst hajui anasema nini. Miaka 22 ya maendeleo ya upasuaji ilikuwa katikati yao, na hata hivyo Smith alinusurika kidogo sana.

"Mwenye chuma mguuni hatacheza tena."

Uongo, na nina hamu ya kuufuta kuliko mwingine wowote, kwa sababu unawafanya watu waikimbie hospitali. Mwaka 1939 daktari Mjerumani Gerhard Küntscher aliingiza fimbo ya chuma ndani ya mfupa wa paja, na wenzake wakamshangaa. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha, madaktari wa Marekani waliwapiga picha askari wao waliotoka mateka Ujerumani wakakuta vyuma mapajani, na watu wanatembea. Leo ni kazi ya kawaida. Chuma hakiungi mfupa. Kinabeba uzito na kushikilia mstari wakati mfupa unafanya kazi yake, na ndiyo maana mgonjwa husimama mapema badala ya kulala miezi. Baada ya kupona, wengi hubaki nacho maisha yote bila tatizo. Hutolewa kikileta maumivu au usaha.

Shida ni kwamba kuingiza fimbo hiyo kwa kawaida kunahitaji mashine ya eksirei inayoonyesha mfupa moja kwa moja wakati wa upasuaji, na mashine hiyo inataka umeme wa kuaminika. Mwaka 1999 daktari Lewis Zirkle wa Richland, jimbo la Washington, aliyekuwa ameona hali za hospitali maskini tangu vita vya Vietnam, alianzisha shirika la SIGN. Fimbo yao inawekwa kwa vifaa vya mkono bila mashine hiyo, na mgonjwa hatozwi bei yake. Inatumika Tanzania, Kenya na kwingineko kwingi. Familia ikimpeleka kijana hospitali ya rufaa, swali la kuuliza mapema ni hili: mnaweka chuma cha ndani, au mnatuliza kwa plasta na kamba za kuvuta? Jibu ndilo litakalopanga miezi inayofuata, pamoja na mchango wa ukoo.

"Eksirei imeonyesha mifupa mizima, kwa hiyo goti halina neno."

Uongo. Eksirei haionyeshi kano za ndani ya goti. Mchezaji akigeuka ghafla, akasikia mlio ndani, na goti likajaa ndani ya saa chache, kano ya mbele inaweza kuwa imekatika hata kama picha ni safi. Yannick Bolasie aliyeichezea timu yetu ya taifa anajua. Aliumia goti akiwa Everton tarehe 4 Desemba 2016 na akacheza tena tarehe 26 Desemba 2017, zaidi ya mwaka mzima, akiwa na klabu tajiri nyuma yake.

Kwa mchezaji wa chuo mfano mkali zaidi ni Marcus Lattimore wa Chuo Kikuu cha South Carolina, naye wa mpira wa kubebwa. Tarehe 27 Oktoba 2012 goti lake lilihama na kano zikakatika, mwaka mmoja baada ya goti jingine kuumia. Klabu ya San Francisco ilimchagua mwaka 2013 kwa matumaini. Alifanya mazoezi mpaka Novemba 2014, kisha akaacha bila kucheza hata mechi moja ya kulipwa.

"Amerogwa."

Uongo, na niseme kwa ufupi: mguu uliokita chini na mwili uliogeuka vinatosha kuvunja mfupa, hasa kwenye uwanja wa kiangazi na bila vikinga muundi. Tuhuma ya uchawi huvunja familia mbili kwa ajili ya mguu mmoja.

"Alale asiamke, na anywe supu ya mifupa."

Kulala ni uongo, supu ni nusu kweli. Paja lisilotumika hunyauka ndani ya wiki chache, kwa hiyo tangu mwanzo akaze misuli ya paja akiwa kitandani, achezeshe vidole, akae, na akiruhusiwa atembee kwa magongo. Chakula ni cha kujenga kweli: maharage, mayai, na ndakala, samaki wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao. Sigara aache kabisa, kwa maana imethibitishwa kuchelewesha mfupa kuungana.

"Baada ya miezi 6 atakuwa uwanjani."

Hakuna anayejua, na anayetaja tarehe siku ya kwanza anauza tumaini. Djibril Cissé alivunjika mguu akiwa Liverpool mwezi Oktoba 2004, na Mei 2005 alikuwa Istanbul akifunga penalti katika fainali ya klabu bingwa Ulaya. Halafu Juni 2006 akavunjika mwingine, siku chache kabla ya Kombe la Dunia. Akarudi tena. Kwa upande wa goti, uchambuzi mkubwa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kati ya waliotengenezwa kano ya mbele, 81 katika kila 100 walirudi kwenye mchezo wa namna fulani, 65 kwenye kiwango cha zamani, na 55 tu kwenye mashindano. Utafiti wa Norwe na Marekani wa mwaka 2016 uliona kwamba kila mwezi wa kusubiri, mpaka kufikia wa 9, ulipunguza hatari ya kuumia tena goti kwa karibu nusu.

Kwa hiyo badala ya kalenda, tumia kipimo, nacho hakihitaji mashine. Mfupa uwe umeungana kwenye picha. Maumivu na uvimbe visiwepo. Chora mstari chini, aruke mbele kwa mguu mzima mara tatu mfululizo, upime umbali kwa kamba. Kisha aruke kwa mguu ulioumia. Ukifika sehemu 9 kati ya 10 za ule mzima, na akatua bila goti kuingia ndani, aanze mazoezi na timu, kwanza bila kugongana. Ukiishia sehemu 7, anarudi kupanda ngazi na kuchuchumaa, na kocha aambiwe hivyo hata kama fainali ni Jumapili. Na chuo kikifunguliwa kabla ya hapo, aende na magongo yake.