Nambari Iliyomeza Jumapili za Miaka Mitatu

Cheki hii nambari: 147,573,952,589,676,412,927. Ina tarakimu 21. Kuipata si kazi: zidisha 2 kwa 2 kwa 2 hadi utumie mbili 67, kisha toa 1.

Mwaka 1644 mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, aliiweka kwenye orodha yake ya nambari tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa 1 na zenyewe, kama 7 au 13. Ilikaa humo zaidi ya miaka 200. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, akathibitisha kwamba si tasa. Noma ni kwamba hakuweza kusema inagawanywa na nini. Alijua kuna watu wamejificha kwenye nyumba, hakujua chumba gani.

Oktoba 1903, kwenye mkutano wa wanahisabati jijini New York, Frank Nelson Cole alienda ubaoni. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno. Alizidisha zile mbili 67, akatoa 1. Akahamia upande wa pili, akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287 kwa mkono. Majibu yakalingana, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Alipoulizwa kazi hiyo ilimchukua muda gani, inasemekana alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Sasa shika hapo. Kuzidisha ni kazi ya dakika chache. Kurudi nyuma kutafuta zilizozidishwa ni kazi ya miaka. Ni kama ugali: unga na maji vinaingia sufuriani chap, lakini hebu jaribu kuvitenganisha.

Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman wa MIT waliigeuza shida hiyo kuwa kufuli, linaloitwa RSA. Siri inakaa kwenye nambari tasa mbili kubwa. Jibu la kuzizidisha linaanikwa wazi kila mtu alione. Tovuti nyingi hadi leo zinajitambulisha kwa kufuli hilo, na jibu lenyewe huwa na tarakimu 617. Anayeweza kuligawanya anaweza kujifanya benki yako.

Watu wamejaribu. Nambari ya tarakimu 129 iliyotolewa kama changamoto mwaka 1977 ilivunjwa 1994, na watu wapatao 600 walichangia kompyuta zao. Mwaka 2020 watafiti wakafikia tarakimu 250. Kutoka hapo hadi 617 bado ni mbali sana. Lakini hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba njia ya mkato haipo. Pesa zetu zinalindwa na ukweli kwamba bado haijapatikana.

Ndio maana tapeli hahangaiki na hesabu. Anajua kufuli ni gumu, kwa hivyo anakupigia simu kwa sauti ya upole akuombe PIN. Usimpe.