Mkono uliochomoza mlimani: Mnara wa Nyayo na kumbukumbu ya utawala wa Moi

Jiji la Nairobi lina sanamu za viongozi zilizo kamili, kuanzia kichwani hadi miguuni. Mzee Jomo Kenyatta ameketi mbele ya jumba la mikutano la KICC tangu 1973. Dedan Kimathi amesimama tangu 2007 katika barabara iliyopewa jina lake. Lakini mnara uliojengwa kwa heshima ya Daniel arap Moi, rais aliyeitawala Kenya kwa muda mrefu kuliko wengine wote, hauna uso wala kiwiliwili. Ni mkono wa shaba tu, umekamata rungu, nao umechomoza katika kilele cha Mlima Kenya.

Mnara huo, ujulikanao kama Mnara wa Nyayo, uko katika bustani ya Central Park. Ulijengwa 1988 kuadhimisha miaka 10 ya utawala wa Moi.

Kwa nini uso haukuhitajika? Kwa sababu hapakuwa na Mkenya ambaye angeuliza mkono huo ni wa nani. Kenyatta alizoeleka kwa usinga wake. Moi, kwa kirungu chake, ambacho wananchi walikiita fimbo ya Nyayo. Miongoni mwa jamii za wafugaji rungu ni silaha ya mlinzi wa mifugo, na pia ni alama ya mzee mwenye kauli. Moi, Mtugen wa Baringo, hakuonekana hadharani bila kirungu hicho ila kwa nadra.

Neno lenyewe Nyayo lina historia yake. Kenyatta alipofariki tarehe 22 Agosti 1978, Moi aliahidi kufuata nyayo za mtangulizi wake. Baada ya muda maana ikageuka: nyayo zikawa zake, na taifa zima likatakiwa kuzifuata. Mnamo Septemba 1984 alisema waziwazi kwamba angependa mawaziri wake waimbe kama kasuku wimbo anaouimba yeye, kama yeye alivyouimba ule wa Kenyatta. Kaulimbiu ilikuwa amani, upendo na umoja, na jina la Nyayo likabandikwa kwenye uwanja wa michezo, mabasi, wodi za hospitali, hata kwenye gari lililoundwa nchini. Wapo Wakenya wengi, watu wazima sasa, wanaoyakumbuka kwa shukrani maziwa ya Nyayo waliyokunywa bure katika shule za msingi, na haifai kuwadharau.

Mlima nao si pambo. Wakikuyu na jamii jirani zao huuheshimu tangu kale kama makao ya Mungu, na nchi yenyewe imechukua jina lake. Aliyeutazama mnara kwa jicho la serikali aliona mlinzi aliyesimama juu ya taifa zima. Aliyeutazama kwa jicho jingine aliona mtawala kutoka Bonde la Ufa akiinua rungu juu ya kilele cha watu wa Kenyatta. Mchongaji anaweza kukusudia tafsiri moja, lakini hawezi kuizuia nyingine.

Mwaka wa ujenzi ndio unaoupa mkono huo uzito. Miaka sita kabla, mnamo Juni 1982, Bunge liliifanya KANU kuwa chama pekee kwa mujibu wa sheria, na tarehe 1 Agosti mwaka huohuo jaribio la mapinduzi likazimwa. Katika mchujo wa wagombea wa 1988 wapiga kura walitakiwa kupanga foleni nyuma ya picha ya mgombea wamtakaye. Ndio mlolongo, utaratibu ambao ulimwacha kila mpiga kura machoni pa chifu na askari. Mgombea aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya waliopanga foleni alipita bila kupingwa. Mwaka huo pia katiba ilirekebishwa ili majaji wasiwe tena na ulinzi wa ajira. Rungu la shaba liliinuliwa wakati rungu la kweli lilipokuwa halina wa kulipinga.

Hatua chache kutoka hapo, kwenye makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, liko jengo la Nyayo House. Ghorofa zake zilikuwa ofisi za serikali kama nyingine. Vyumba vyake vya chini vilitumiwa kuwatesa watu walioshukiwa kuipinga serikali. Vyumba hivyo vilifunguliwa hadharani 2003, na tangu 2010 Mahakama Kuu imeamuru mara kadhaa waathiriwa walipwe fidia.

Ng'ambo ya barabara iko bustani ya Uhuru Park. Mwishoni mwa Februari 1992 akina mama waliketi kwenye pembe yake moja na kugoma kula, wakidai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na gesi ya kutoa machozi. Wangari Maathai alipigwa hadi akazimia. Baadhi ya akina mama walivua nguo mbele ya askari, jambo ambalo kwa mila ni laana nzito. Kisha wakahamia kanisa la All Saints lililo karibu, na wengi wa wana wao waliachiliwa mwanzoni mwa 1993. Pembe ile sasa huitwa Freedom Corner.

Si ajabu kwamba siasa za Kenya zimezoea kusema kwa mkono. KANU ilikuwa na kidole kimoja. Wapinzani wa FORD wakajibu kwa viwili, ishara ya vyama vingi, na katika miaka ya 1991 na 1992 kuinua kidole cha pili barabarani kulihitaji ujasiri. Mwaka 2018 Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walipopeana mkono baada ya uchaguzi uliogawanya nchi, neno handisheki likaingia katika Kiswahili cha kila siku.

Kwa Waganda wenye umri mkubwa, mkono wa Moi una kumbukumbu nyingine: ndiye aliyesimamia mazungumzo yaliyozaa Mkataba wa Nairobi wa Desemba 1985 kati ya serikali ya Tito Okello na wapiganaji wa Yoweri Museveni, mkataba uliovunjika kabla ya wiki sita kwisha.

Moi alikabidhi madaraka kwa Mwai Kibaki tarehe 30 Desemba 2002, palepale Uhuru Park, huku umati ukimzomea na kumrushia matope. Katiba ya 2010 ilipiga marufuku picha ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu. Mnara haukuguswa na sheria hiyo. Wanaotaka ung'olewe husema ni kejeli kwa walioteswa Nyayo House. Wanaotaka ubaki husema kwamba kijana aliyezaliwa baada ya 2002 hana pengine pa kuuona utawala ule kwa macho, hoja yenye nguvu zaidi, mradi pawepo maelezo ya kumwambia anachokitazama.

Moi alifariki tarehe 4 Februari 2020. Katika mazishi yake Kabarak, kirungu chake kilikabidhiwa mwanawe Gideon mbele ya waombolezaji, na wengi walilisoma tendo hilo kama urithi wa kisiasa. Agosti 2022 Gideon alishindwa katika uchaguzi wa kiti cha useneta cha Baringo.