Msafiri na Afya Yake

Watu wa pwani wana methali yao, Msafiri kafiri. Maana, mtu akiwa njiani huziacha desturi njema alizozishika nyumbani. Hunywa maji ayaonayo, hulala apatapo nafasi. Watu humwia radhi, lakini maradhi hayamwii.

Sisi tukaao Chanika tumefundishwa jambo hili na habari za nchi yetu wenyewe. Mwezi wa Juni 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts lilifuata bonde la mto Pangani, likatwaa Korogwe na Handeni. Wadachi walirudi nyuma, lakini malaria na kuhara damu havikurudi nyuma. Katika vita ile ya nchi zetu, maradhi yaliwaangusha askari wengi kuliko risasi. Farasi walikufa kwa nagana iletwayo na ndorobo. Nao wapagazi, waliochukua mizigo ya wenzao kwa chakula haba, walikufa wengi kupita askari.

Wala si kwamba elimu haikuwako. Tangu 1897 Ronald Ross alikuwa amekwisha kuonyesha huko Bara Hindi kwamba mbu ndiye achukuaye malaria. Lakini elimu iliyoachwa nyuma kwa haraka ya safari haimponyi mtu.

Basi, tuyashike mambo matatu.

Kwanza, maji. Yachemshe mpaka yatokote sana, yapoe katika chombo chenye kifuniko, uyachukue safarini. Mtoto akiharisha njiani, mpe maji ya chumvi na sukari: katika lita 1 ya maji safi tia sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu ya kijiko kidogo, vijiko vya kusawazishwa, visivyojaa kupita kiasi. Anyweshwe kidogo kidogo. Ukiona damu, usingoje, mpeleke hospitali.

Pili, chandarua. Mbu wa malaria huuma hasa usiku, kwa hiyo chandarua chenye dawa kiwe cha kwanza kutiwa mzigoni. Ajihadhari zaidi mtu wa milimani, kama Lushoto, ashukapo Korogwe au Mombo; kwao juu kuna baridi na mbu hao ni wachache, hivyo mwili wake haukuizoea malaria. Waja wazito na watoto wadogo ndio walio katika hatari kubwa kabisa.

Tatu, kumbukumbu. Hapa ndipo wengi hukosea. Malaria haimshiki mtu siku ile ile aliyoumwa na mbu; mara nyingi hukawia siku 7 hata 30. Msafiri amekwisha kurudi, amekwisha kufua nguo zake, ndipo homa inapomjia. Husema, "Ni uchovu tu," au, "Ni mafua." Siku mbili zikipita hivi, mtoto aweza kufa. Kwa hiyo homa ikija baada ya safari, nenda upimwe damu siku ile ile, umwambie mganga ulikolala na tarehe uliyorudi, hata asipokuuliza. Ukipewa dawa, uimalize yote.

Nanyi waalimu, kabla ya kufunga shule, wafundisheni watoto mambo haya matatu, maana wengi wao huenda kwa bibi na babu nchi za mbali. Mtoto ajuaye kusema, "Mama, nililala Korogwe bila chandarua," amekwisha kumsaidia mganga nusu ya kazi.

Tusafiri, tuwaone jamaa zetu. Ila desturi njema za nyumbani tusafiri nazo.