Je, Wajua? Mkanda wa Picha Umefufuka!

Je, wajua kwamba kamera ya kwanza ya kidijitali ilizaliwa ndani ya Kodak, wauza mikanda wenyewe? Ilikuwa mwaka 1975, na picha moja ilichukua sekunde 23 kurekodiwa!

Mwaka 2012 Kodak hiyo ikaelemewa na madeni, ikakimbilia kinga ya mufilisi mahakamani. Sasa sikia: 2018 ikaurudisha sokoni mkanda wa Ektachrome, na kufikia 2022 ilikuwa imeajiri watu wapya zaidi ya 300 wa kutengeneza mikanda. Wanunuzi? Vijana waliokulia kwenye simu!

Na wanalipia nini? Yale yale tuliyoyalalamikia! Picha 36 zikiisha zimeisha, hakuna kufuta, na mpaka zisafishwe ndipo ujue nani alifumba macho.

Unaona 36 ni chache? Kamera ya Pentax 17, iliyotoka 2024, hugawa kila picha nusu. Mkanda ule ule unakupa 72!

Filamu ya Oppenheimer ya 2023 je? Nakala yake moja ya mkanda wa IMAX, ule wa skrini kubwa, ina urefu wa kilomita 17 na ushei. Itandaze barabarani kutoka Ipole, mkoani Tabora, utatembea zaidi ya saa tatu hujaumaliza mkanda!

Wafugaji, mpo? Mkanda una gelatini ya mifupa na ngozi za ng'ombe. Miaka ya 1920 watafiti wa Kodak waligundua kwamba ng'ombe waliokula haradali walitoa gelatini inayonasa mwanga vizuri zaidi!

Warina asali wa Ipole, zamu yenu! Mwaka 1856, huko Wales, John Dillwyn Llewelyn alipaka vioo vya picha asali na siki ili visikauke upesi. Asali, ndiyo, kwenye kamera!

Mwaka 1860 msafiri James Grant alipiga picha Zanzibar, kisha akashika njia ya misafara kuja Tabora. Joto la hema la kusafishia picha likamshinda. Kamera ikaachwa, akachora kwa rangi za maji!

Capital Art Studio ya Mji Mkongwe ilifunguliwa 1930 na Ranchhod Oza. Picha zake za Unguja ya zamani watalii wananunua hadi leo!

Nawe, umekuta mkanda haujasafishwa ndani ya kamera ya babu? Usiifungue juani! Kufumba na kufumbua, mwanga umefuta harusi nzima.