Nusu Mkate na Nusu Mkate: Kudurusu Hisabati Kabla ya Mtihani wa Gredi ya Tisa

Usiku mmoja wa muhula wa tatu, baada ya sala ya Isha, tuliketi mkekani na binti wa ndugu yetu, mwanafunzi wa Gredi ya Tisa. Mbele yetu palikuwa na karatasi ya mtihani wa majaribio iliyojaa wino mwekundu. Alikuwa amekwisha kujihukumu. "Shangazi," akatuambia, "aljebra siiwezi. Hata mama alikuwa haiwezi." Mama mtu, aliyekuwa jikoni akikanda unga wa mahamri ya asubuhi, akaitikia kutoka huko kwamba ni kweli, hesabu haimo katika ukoo wao.

Hatukubishana. Tulimwomba atufanyie tena swali moja tu kati ya yale aliyoyakosa, naye azungumze huku akiandika. Swali lilikuwa x/3 + x/4 = 14. Kalamu ilikwenda bila kusita. Alijumlisha x na x juu, akapata 2x; akajumlisha 3 na 4 chini, akapata 7; akaandika 2x/7 = 14, kisha akazipanga vyema hatua zilizofuata hadi akafikia x = 49. Hatua hizo za mwisho ndizo aljebra yenyewe, nazo zote zilikuwa sawa. Kosa lilikuwa nyuma zaidi, katika kujumlisha sehemu, jambo alilofundishwa shule ya msingi na likampita.

Tukamuuliza, "Ukila nusu ya mkate wa sinia, kisha ukala nusu iliyobaki, umekula kiasi gani?" Akasema, "Wote." Tukamwambia aandike vivyo hivyo kwa njia yake. Akaandika 1/2 + 1/2, akajumlisha juu, akajumlisha chini, akapata 2/4. Akaitazama kwa muda. Nusu mkate na nusu mkate, kwa njia yake, ni nusu mkate. Akaziba mdomo kwa kiganja akacheka, na kicheko kile kilitufaa kuliko saa nzima ya kumweleza kanuni.

Baada ya hapo hakuhitaji mengi. Theluthi na robo hazijumlishwi mpaka zikatwe vipande vya ukubwa mmoja, na 3 na 4 hukutana kwenye 12. Basi 4x/12 na 3x/12 ni 7x/12. 7x ni 168. X ni 24. Tukamtaka alijaribu jibu lake mwenyewe: 24 gawanya kwa 3 ni 8, 24 gawanya kwa 4 ni 6, na 8 na 6 ni 14. Akalijaribu pia lile jibu la zamani, 49, akaliona haliingii popote.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu wazazi wengi wa Gredi ya Tisa wako katika hali aliyokuwa nayo mama yule. Mtihani wa KJSEA, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, si mtihani mdogo. Katika alama za mwisho za Sekondari Msingi, asilimia 60 hutokana na mtihani huo, asilimia 20 hutokana na tathmini za shuleni za Gredi ya Saba na ya Nane, na asilimia 20 ni ile ya KPSEA iliyofanywa Gredi ya Sita. Matokeo hutolewa kwa viwango vinane, na kwa matokeo hayo mtoto huelekezwa kwenye mojawapo ya njia tatu za Sekondari Pevu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Binti anayetamani uuguzi, udaktari, ufamasia au uhandisi hawezi kuipita hisabati kando. Akiamini akiwa na miaka kumi na minne kwamba hesabu haimo damuni mwake, huenda akaifunga njia hiyo kwa mkono wake kabla hata matokeo hayajatoka.

Tukiri kwamba wakati wenyewe ni mchache. Watoto wetu hutoka shule wakaingia madrasa, na wengine huwa na darsa baina ya Magharibi na Isha. Hakuna haja ya kuwaondoa madrasa kwa ajili ya mtihani, kama tulivyosikia baadhi wakifanya. Dakika arobaini zilizotulia baada ya Isha, au baada ya sala ya Alfajiri akili ikiwa bado mbichi, zatosha kwa siku, maadamu zinatumika kutafuta tundu lilipo. Kinachopoteza wakati ni ule mtindo wa kununua vitabu vitatu vya mitihani iliyopita na kumlazimisha mtoto ayafanye yote kutoka mwanzo hadi mwisho. Anayoyajua atayarudia akafurahi. Asiyoyajua atayakosa tena kwa namna ileile, na kosa likirudiwa mara kumi huwa mazoea.

Mzazi na achukue karatasi moja tu ambayo mtoto amekwisha kusahihishiwa. Kila swali alilokosa aliulizie: je, hakujua la kufanya, au alijua akateleza, au hakuelewa swali lenyewe? Hili la tatu ni zito kuliko tunavyodhani, kwani hisabati yafundishwa kwa Kiingereza, na mtoto aweza kuwa mjuzi wa kugawa lakini asitambue kwamba aliambiwa agawe. Hapa mama asiyejua Kiingereza kingi ana nafasi yake. Amwambie mtoto, "Nisomee swali hili kwa Kiswahili, kwa maneno yako." Akishindwa kulieleza, tatizo liko kwenye kusoma. Akilieleza sawasawa kisha akakwama, tatizo liko kwenye hesabu. Kulijua hilo tu ni nusu ya kazi, wala mama hahitaji kujua jibu.

Katika kukaa na watoto wa mtaani kwetu tumeona kwamba makosa mengi yanayopewa majina makubwa hurudi kwenye mambo machache. Sehemu ndizo za kwanza. Pili ni nambari hasi. Mtoto huulizwa −3 − 5, naye hukumbuka kwamba hasi kwa hasi ni chanya, akaandika 8. Kanuni aliyoikumbuka ni ya kuzidisha na kugawa, naye ameihamishia mahali pasipo pake. Hapo tumeona daftari la deni la dukani linafaa kuliko maelezo yoyote: mtu anayedaiwa shilingi 300, akaja akakopa 500 zaidi, hawezi kutoka dukani akiwa na akiba ya 800. Anadaiwa 800.

Tatu ni asilimia, na hasa asilimia zenye nukta. Tulimwuliza kijana mmoja zaka ya shilingi 200,000 zilizotimiza mwaka. Alijua kiwango ni asilimia 2.5, lakini aliigeuza kuwa 0.25, akatoa 50,000. Babu yake, aliyekuwa akisikiliza, alishtuka kwelikweli. Asilimia 2.5 ni 0.025, nayo ni sawa na moja ya arubaini. 200,000 gawanya kwa 40 ni 5,000. Anayeikumbuka ile arubaini ana mizani ya kupimia jibu lake kabla hajaliandika. Katika mlango huohuo wa asilimia kuna mtego mwingine. Doti ya leso ya shilingi 800 ikipanda bei kwa asilimia 25 huwa 1,000. Bei hiyo ikishuka kwa asilimia 25, watoto wengi husema imerudi 800. Imekuwa 750, kwa kuwa asilimia ya pili imetolewa kwenye 1,000.

Tuseme neno kuhusu jiko, maana kila mwandishi wa mambo ya malezi husema hisabati ifundishwe jikoni. Ni kweli kwa kiasi. Mahamri ya unga vikombe 4, tui kikombe kimoja na nusu, na sukari robo tatu ya kikombe, ukitaka kuyazidisha mara moja na nusu kwa ajili ya wageni, yatakulazimisha ufikie unga vikombe 6, tui vikombe 2 na robo, na sukari kikombe kimoja na sehemu moja ya nane. Hilo ni zoezi zuri la uwiano na kuzidisha sehemu. Lakini jikoni hakuna nambari hasi, wala mlinganyo wa mstari ulionyooka, wala matriki. Na mtoto anayejua kukadiria kwa kiganja bado atatakiwa kuziandika hatua zake, kwa kuwa msahihishaji huhesabu kilichomo karatasini. Jiko na lifungue mlango. Daftari lifuate usiku huohuo.

Mfano tunaoupenda zaidi hautoki jikoni. Watu wa Waislamu wa kale walihitaji hesabu ya sehemu ili kila mrithi apate haki yake. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9 kitabu ambacho neno aljebra limetokana na jina lake, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masuala ya wasia na mirathi. Basi tulimpa binti yetu suala la aina hiyo. Mtu amefariki, akamwacha mama yake, mke wake na mwana mmoja wa kiume. Gharama za maziko, madeni na wasia vimekwisha kutolewa, na zimebaki shilingi 2,400,000. Mke ana thumni, yaani 1/8, na mama ana sudusi, yaani 1/6, kwa sababu marehemu ameacha mtoto. Kinachobaki ni cha mwana.

Kwa njia yake ya zamani, 1/8 na 1/6 zingekuwa 2/14, ambayo ni 1/7. Tukamwambia alinganishe 1/7 na 1/6. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Yaani mke na mama wakiwa pamoja watapata kidogo kuliko mama peke yake?" Ndivyo. Akarudi kwenye 24, ambako 8 na 6 hukutana: 3/24 na 4/24 ni 7/24, na mwana amebakiwa na 17/24. Mke shilingi 300,000, mama 400,000, mwana 1,700,000. Akazijumlisha zote tatu bila kuambiwa, zikatimia 2,400,000.

Mambo mengine yaliyomo katika silabasi tutayapitia kwa haraka. Eneo na ujazo huhitaji kuchorwa. Mtoto asiyechora umbo kabla ya kuanza hukosea hata akiijua kanuni. Nadharia ya Pythagoras hukumbukwa na wote, ila wengi husahau kwamba hutumika kwenye pembetatu yenye pembe mraba tu. Grafu humtaka mtu atulie na rula. Uwezekano ni rahisi kuliko jina lake.

Mwanafunzi anayeona amechelewa tungependa asikie habari za Maryam Mirzakhani, mzaliwa wa Tehran, Iran, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kutunukiwa Medali ya Fields, tuzo kuu ya wanahisabati, mwaka 2014. Katika mwaka wake wa kwanza wa shule ya kati, akiwa na umri wa kukaribiana na wa watoto wetu hawa, alifanya vibaya katika hisabati. Mwalimu wake hakuona kipawa ndani yake, naye akakata tamaa. Mwaka uliofuata akampata mwalimu mwingine aliyemtia moyo, na mambo yakabadilika. Hatusemi kila binti atakuwa Mirzakhani. Twasema tu kwamba hata yeye alikuwa na mwaka wa namna hiyo.

Kuna tabia moja nyumbani tungeomba iachwe, hasa na sisi akina mama: kusema mbele ya watoto, kwa mzaha au kwa unyenyekevu, kwamba sisi hesabu hatujui. Wasichana hulisikia neno hilo kuliko wavulana, na wengi wetu hatusemi kweli tunapolisema.

Usiku ule ulipokaribia kwisha, tulimpa binti yetu swali la mwisho. Basi limetoka Mombasa saa 2:45 asubuhi, likafika Malindi saa 5:15. Safari ni yapata kilomita 120. Je, lilikwenda kwa mwendo gani wa wastani? Akatoa 2.45 katika 5.15, akapata 2.70, akaanza kugawa 120 kwa 2.7. Kabla hajafika mbali, sauti ikatoka jikoni: "Saa mbili na nusu hiyo. Kutoka saa tatu kasorobo mpaka saa tatu ni robo, mpaka saa tano ni saa mbili, na robo nyingine." Binti akainua uso. Saa ina dakika 60 wala si 100, na mama yake, ambaye hesabu haimo katika ukoo wake, alikuwa ameifanya kichwani mikono ikiwa na unga.

Akagawa 120 kwa 2.5, akapata kilomita 48 kwa saa. Kisha mama akaja ukumbini akijifuta mikono kwa leso, akaiokota ile karatasi ya mirathi, akauliza ile 24 imetoka wapi. Binti akamsogezea kalamu, akamwambia, "Keti hapa, mama. Andika nane, halafu andika sita."