Dawati: Asili ya Neno na Kazi ya Chombo Nyumbani

Mwalimu akitaja dawati mbele ya watoto wa shule, wote hufikiri benchi na meza yake wanayoikalia darasani. Mwaka 2016, watu wa Tanzania walipohimizwa nchini kote kuchangia madawati ya shule, maana hiyo ilizidi kukaza mizizi. Polisi nao wana Dawati la Jinsia na Watoto, ambalo si meza wala sanduku, bali ni sehemu ya kazi yao. Maana hizo zote mbili ni halali, wala hatutaki kuziondoa. Lakini iko maana nyingine ya zamani ambayo yaanza kusahauliwa, yaani chombo cha nyumbani cha kuandikia na kutunzia maandishi. Twaona yafaa kuieleza, kwanza ili mwalimu alifundishe neno kwa ukamilifu, na pili kwa kuwa kitu chenyewe chahitajiwa sana katika nyumba zetu za huku Magole.

Neno latoka katika Kiarabu, ambako dawat ni kidau cha wino. Misri, katika enzi ya Wamamluki, palikuwa na mtumishi wa Sultani aliyeitwa dawadar, maana yake mshika kidau. Kwa kuwa alikuwa karibu na wino, alikuwa karibu na barua. Na kwa kuwa alikuwa karibu na barua, alikuwa karibu na siri za dola. Hatimaye cheo chake kikawa miongoni mwa vyeo vikubwa. Katika Kiswahili chupa ya wino ilipata jina lake, kidau, na neno dawati likashika kisanduku kinachotiwa wino, kalamu na karatasi pamoja, kisha meza ya kuandikia yenye kifuniko.

Wala safari hiyo ya maana si ya Kiswahili peke yake. Wafaransa waliitandika meza ya kuandikia kitambaa kizito cha sufu kilichoitwa bure. Jina la kitambaa likahamia kwenye meza, likawa bureau. Kisha likahamia kwenye chumba chenye meza, na mwisho kwenye ofisi nzima. Vivyo hivyo dawati lenye saraka nyingi na kifuniko cha kufungwa Waingereza huliita kwa jina la katibu, na jina hilo la katibu katika lugha yao latokana na neno la Kilatini la siri. Basi tangu zamani watu wameona ya kuwa penye kuandika pana kutunza, na penye kutunza pana ufunguo.

Sasa tueleze umbo la chombo. Dawati la nyumbani la aina ya kale lina sehemu tatu. Chini kuna watoto wa meza, watatu au wanne, wa kuvutwa. Katikati kuna kifuniko cha mshazari chenye bawaba. Kikilazwa huwa ubao wa kuandikia, nacho hushikwa na vipande viwili vya mbao vinavyochomolewa huku na huku kama mikono. Nyuma ya kifuniko hicho mna saraka, ndivyo vyumba vidogo vya kuainishia barua, hati na risiti, kila kitu mahali pake. Juu, katika madawati makubwa, huwekwa kabati la vitabu. Mafundi wa Ulaya na Marekani walilitengeneza kwa wingi katika karne ya 18, na Thomas Chippendale wa London alichapa michoro yake katika kitabu chake cha mwaka 1754. Mwaka 1874 William Wooton wa Indianapolis alipata hataza ya dawati kubwa lililofunguka kama milango miwili, ndani lina vyumba zaidi ya 100.

Pwani yetu ilikuwa na ndugu yake, ndilo kasha la Unguja lenye njumu za shaba. Makasha mengi yana kijisanduku ndani, upande mmoja, na chini yake watoto wa siri wasioonekana ila na ajuaye ubao wa kuinua. Kasha si dawati, kwa maana halina mahali pa kuandikia; lakini kazi yake ya kutunza ni ile ile.

Mtu akiuziwa dawati na kuambiwa kuwa ni la kale, asitazame rangi, maana rangi hupakwa siku moja. Amvute mtoto wa meza atazame pembe zake: zikiwa zimefumana kama vidole, tena vidole havilingani sawasawa, huenda zilikatwa kwa mkono. Apapase ubao wa nyuma. Randa ya mkono huacha mawimbi madogo. Achunguze na parafujo, kwani zile za kale zilichongwa kwa tupa, na mfuo wa kichwa chake mara nyingi hauko katikati. Akiona mbao za tabaka zilizogandishwa kwa gundi, ajue ama chombo ni cha karibuni ama kimetengenezwa upya. Tena agonge miguu. Ikitoa unga, imebunguliwa.

Asiyepata la kale asisikitike, maana fundi seremala wa kwetu aweza kutengeneza jipya lililo bora. Mninga na mvule hustahimili mchwa kuliko mbao laini, na msaji vilevile, ambao hupandwa na serikali katika shamba la miti la Mtibwa, kwenye njia itokayo Magole kwenda Turiani. Miguu iwe mirefu, chombo kisigusane na ukuta, na mbao zipakwe nta mara kwa mara.

Yatupasa sasa kusema kwa nini jambo hili si la anasa. Wilaya ya Kilosa imejulikana kwa miaka mingi kwa ugomvi wa ardhi kati ya wakulima na wafugaji, na hata kati ya ndugu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, yampa mwanakijiji nafasi ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Lakini hati hiyo, pamoja na cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa na wosia wa mzee, mara nyingi hukaa chini ya godoro au katika mfuko uliotundikwa ukutani. Huko mchwa hufika, panya hufika, na maji hufika. Januari 2014 mafuriko yaliingia Magole na Dumila, na maji ya namna hiyo hayampi mwenye nyumba muda wa kupekua huku na huku. Aliyeweka karatasi zake zote katika saraka moja ya juu, zimefungwa katika nailoni, huzichukua kwa mkono mmoja na kutoka. Aliyezitawanya huchagua kati ya karatasi na watoto, naye kwa haki huchagua watoto.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza ya kuwa daftari lisilo na mahali nalo hupotea. Kwa hiyo twawashauri walimu wenzetu, wanapolifundisha neno hili, wawaulize wanafunzi swali moja la kwenda nalo nyumbani: hati ya shamba letu imewekwa wapi, na ni nani mwingine ajuaye? Kama jibu ni baba peke yake, au hakuna ajuaye, basi nyumba hiyo yahitaji dawati, hata likiwa sanduku dogo la mninga lenye kitasa.